Nafasi Tupu Nayo Ina Kazi: Historia Fupi ya Alama ya Pre

Vijana wenzetu, pamoja na ninyi mnaotuhudumia, leo tunaongelea kitu kidogo sana: nafasi tupu. Ile unayoiacha kati ya neno na neno, au pale mstari unapokatika. Kwenye karatasi hakuna anayeihangaikia. Kwenye wavuti ina historia yake, na sisi tunaoishi kwa matangazo inatuhusu.

Tuanzie kwenye taipureta. Mashine zile nyingi ziliipa kila herufi upana ule ule, hata i ikapata nafasi sawa na m. Kwa hiyo karani aliweza kupanga safu za namba kwa kubonyeza nafasi tu, namba zikakaa moja chini ya nyingine bila kuyumba. Kadi za matundu za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na skrini nyingi za kompyuta za zamani zikarithi hesabu hiyo: herufi 80 kwa mstari.

Halafu ikaja wavuti. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Geneva, Uswisi. Lugha yake ya HTML ilikuwa na wazo la busara: mwandishi aseme tu hiki ni kichwa, hii ni aya. Mistari ikatike wapi, hiyo ni kazi ya kivinjari, maana skrini hazilingani. Ndiyo sababu ukiandika nafasi kumi mfululizo, kivinjari kinaonyesha moja tu. Hata ukishuka mstari mpya, nao unageuzwa nafasi moja.

Sasa mwenye safu za namba, au shairi, afanyeje? Kwake ikawekwa alama iitwayo pre, yaani maandishi yaliyokwisha kupangwa. Ukiitumia, unakiambia kivinjari: usiguse, acha kama nilivyoandika. Ilikuwemo katika HTML 2.0 ya Novemba 1995, toleo ambalo halikuwa na alama za majedwali. Majedwali yaliingia katika HTML 3.2, Januari 1997. Kabla ya hapo watu wengi walipanga safu zao kwa pre, kama yule karani wa taipureta.

Sisi inatuhusu vipi? Fikiria ratiba ya mgao. Safu zikibanana, siku ya familia ya watu sita inasomeka kama ya familia ya watatu. Mama anabeba mtoto, anapanga foleni tangu alfajiri, anaambiwa rudi kesho. Kosa la nafasi tupu, lakini njaa si tupu.

Au fikiria shairi la tarbia tulilofundishwa na bibi: mistari minne kila ubeti, mizani nane upande huu na nane upande ule. Likimwagwa kama aya, vina vinapotea machoni. Kwetu sisi tuliovuka mpaka bila vitabu, hilo si jambo dogo.

Lakini pre ina ubaya wake pia. Haikati mstari, kwa hiyo kwenye simu ndogo maneno yanatoka nje ya skrini, na wengi hawajui kama kuna mengine upande wa kulia. Baadaye lugha ya mitindo, CSS, ilileta pre-wrap: inalinda nafasi na mistari yako, ila mstari mrefu unaruhusiwa kukunjika.

Basi tunashauri hivi. Shairi liwekwe kwa pre au pre-wrap. Ratiba iwekwe kwenye jedwali la kweli, maana simu inayomsomea asiyeona inaweza kumtajia kila namba ni ya safu ipi. Na ndugu zetu wa mashirika, tafadhali, tangazo msilitume kama picha peke yake. Picha inakula bando, haitafutiki, na asiyeona haimsaidii. Kabla ya kulituma, lifungueni kwanza kwenye simu ndogo kuliko zote mlizonazo ofisini, maana simu za namna hiyo ndizo tulizonazo wengi wetu.