Chloe wa 24: steringi tuliyemwita msaidizi

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, ingawa najijua, mwisho wa makala nitakuwa nimeshairudia.

Juzi huku Mbweni umeme ulikatika mapema usiku. Tukakaa barazani na vijana wa mtaani, stori moja ikazaa nyingine, mpaka tukafika kwenye tamthilia za zamani. Mmoja akauliza, hivi katika 24 steringi ni nani? Wote wakajibu kwa sauti moja: Jack Bauer! Mimi nikasema Chloe O'Brian. Jamani, nilichekwa. "Yule dada wa kompyuta? Si msaidizi tu yule?" Nikawaambia nitaandika. Ahadi ni deni, nalipa leo, na nitakwenda mwaka kwa mwaka ili nisije nikaambiwa natunga.

Tuanze na tamthilia yenyewe. 24 ilianza kuonyeshwa Marekani na televisheni ya Fox tarehe 6 Novemba 2001, wiki nane kamili baada ya Septemba 11. Inahusu kikosi cha kubuni kinachoitwa CTU, kazi yake kupambana na magaidi. Msimu mmoja ni siku moja: sehemu 24, kila sehemu saa moja. Sisi wa Dar wengi wetu tuliipata kwa DVD za Kariakoo, msimu mzima umebanwa kwenye diski moja au mbili, picha ina ukungu na maandishi ya chini ni ya lugha isiyojulikana. Yaani tuliwatazama walinzi wa sheria kwenye diski za wizi! Na tulikesha nazo. Halafu kwetu ugaidi haukuwa hadithi ya mbali. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa hapa hapa Kinondoni, watu 11 wakafa, na siku hiyo hiyo Nairobi wakafa zaidi ya 200. Kwa hiyo Jack alipokuwa akimbana mtu aseme bomu liko wapi, watu hapa walipiga makofi. Hatukujiuliza sana.

Chloe hayumo katika misimu miwili ya kwanza. Aliingia msimu wa tatu, Oktoba 2003, akiigizwa na Mary Lynn Rajskub. Ni msichana aliyenuna, hana rafiki ofisini, anasema ukweli mahali ambapo mwenzake angenyamaza. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta, kufungua milango ya mitandao, kuvuta picha za setilaiti na kumwambia steringi aelekee wapi. Kwa lugha ya leo ni mdukuzi, ila mdukuzi wa serikali: ana kitambulisho, ana mshahara na ana bosi. Huo ndio mwanzo wake, naomba mwukumbuke.

Sasa angalieni anavyosogea. Msimu wa nne (2005) anamsaidia Jack kwa siri, kinyume cha amri. Anagundulika, anatolewa kazini, baadaye wanamwita tena kwa sababu hawawezi kwenda bila yeye. Msimu huo huo anapelekwa nje ya ofisi na analazimika kushika bunduki kumpiga mtu anayetaka kumuua. Mwisho wa siku ile Jack anajifanya amekufa, na Chloe ni mmoja wa watu wachache sana wanaoijua siri hiyo.

Siri ina gharama. Msimu wa tano (2006) unaanza kwa wenye siri kuwindwa: Rais mstaafu David Palmer anapigwa risasi, Michelle Dessler analipuliwa garini, na Chloe mwenyewe ananusurika. Baadaye siku hiyo hiyo gesi ya sumu inaingia makao makuu ya CTU. Chloe yuko ndani ya chumba kilichozibwa, anamtazama kupitia kioo Edgar Stiles, mwenzake wa meza ya pili, akianguka na kufa. Ile saa ya mwisho wa sehemu ikahesabu bila mlio. Mtu mzima nilifuta machozi. Kisha inafahamika kwamba adui wa siku hiyo ni Rais wa nchi, Charles Logan. Chloe anatoroka ofisini na kufanya kazi akiwa nyumbani kwa Bill Buchanan, akiingia kwenye mitambo ile ile aliyoajiriwa kuilinda.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Utaalamu wa Chloe hauongezeki. Siku ya kwanza mwaka 2003 tayari alikuwa anajua kila kitu. Kinachobadilika ni nani anayemtii. Alianza kwa kumtii bosi, akaja kumtii rafiki, na mwisho anabaki na dhamiri yake peke yake.

Msimu wa saba ulianza Januari 2009, baada ya mgomo wa waandishi wa filamu kule Marekani kuuchelewesha. CTU imevunjwa, Jack anahojiwa na maseneta kwa kutesa watu, na Chloe, Bill na Tony Almeida wanafanya kazi mafichoni bila kitambulisho cha mtu yeyote. (Adui wa msimu huo ni jenerali kutoka nchi ya kubuni ya Sangala barani Afrika, na jina lake ni Juma! Nilikuwa naitazama na binamu yangu Juma, tulimtania mwaka mzima.) Msimu wa nane, 2010, CTU imefufuliwa New York. Chloe anarudi na kuonekana amepitwa na wakati mbele ya Dana Walsh, ambaye baadaye anagundulika kuwa jasusi wa upande wa pili. Chloe anakabidhiwa uongozi wa kikosi, na kazi anayopewa ni kumkamata Jack. Anamwinda kweli, mpaka anapouona ushahidi anaoufukuzia. Mwisho anampiga Jack risasi, kwa ombi la Jack mwenyewe, ili ionekane alikuwa upande wa sheria huku ushahidi ukibaki kwake.

Halafu kimya cha miaka minne. Katikati yake dunia ikabadilika. Mwaka 2010 WikiLeaks ilimwaga nyaraka za jeshi na za balozi za Marekani, na Juni 2013 Edward Snowden akaeleza jinsi serikali yake inavyochungulia mawasiliano ya watu. Tamthilia iliporudi Mei 2014, Chloe yuko London, nywele nyeusi, macho yamepakwa wanja mzito, na sasa yeye ndiye anayeminywa na CIA kwenye chumba cha chini. Amejiunga na kundi la wadukuzi linalovujisha siri za serikali, likiongozwa na Adrian Cross. Mume wake Morris na mtoto wao wamekufa kwenye ajali ya gari, na anaamini aliyekusudiwa ni yeye. Ndani ya miaka 11 msichana wa serikali amekuwa mtu anayewindwa na serikali.

Mtasema hayo ni ya Wamarekani. Subirini. Wakati sisi tunagombania DVD, stori yenyewe ilikuwa inatokea jirani. Mwaka 2003, mwaka ule ule Chloe alioingia kazini, serikali ya Mwai Kibaki iliiajiri kampuni ya upelelezi ya Kroll kufuatilia fedha zilizodaiwa kuibwa wakati wa utawala wa Moi. Ripoti ikaandikwa, ikawekwa kabatini. Agosti 2007 ilitokea WikiLeaks, ambayo wakati huo watu wachache sana waliijua, na gazeti la Guardian la London likaiandika ukurasa wa mbele, miezi minne kabla ya uchaguzi wa Kenya. Yaani kabla ya nyaraka za Iraki na Afghanistan zilizoipa jina duniani, WikiLeaks ilijifunzia kazi kwa Kenya.

Mwaka 2008 ikachapisha ripoti ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya kuhusu vijana waliouawa au kupotea wakihusishwa na Mungiki, huku polisi wakinyooshewa kidole. Ripoti ile iliitwa Kilio cha Damu. Februari 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alikwenda Kenya kuchunguza mauaji hayo. Oscar Kingara na John Paul Oulu, wanaharakati waliokuwa wakikusanya habari hizo hizo, walizungumza naye. Tarehe 5 Machi 2009 wote wawili walipigwa risasi ndani ya gari lao jijini Nairobi, katikati ya foleni, jua halijazama. Msimu wa saba ulikuwa bado unaendelea kwenye televisheni. Hapa hapakuwa na saa inayohesabu, wala hapakuwa na Jack wa kutokea dakika ya mwisho.

Julai mwaka huo huo mkongo wa SEACOM ukazinduliwa, na intaneti ya kasi ikaanza kutufikia Dar. Pamoja na kasi zikaja sheria. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao Aprili 2015, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na hilo sina ubishi nalo, maana wizi wa pesa kwa simu umewaliza watu wengi. Lakini Desemba 2016 aliyekamatwa kwa sheria hiyo ni Maxence Melo wa JamiiForums, na polisi hawakusema kwamba alidukua mtu. Walitaka ataje wachangiaji wake ni akina nani. Akakataa, akazungushwa mahakamani miaka. Melo si mdukuzi, ila kitendo chake ni kile kile cha Chloe: anazo funguo, anaamriwa afungue, anasema hapana.

Sasa niseme kwa nini nimelibeba jambo hili moyoni. Mwaka jana mtu alinifuata na flashi. Ofisi yake siitaji, yeye mwenyewe simtaji. Ndani kulikuwa na nyaraka nzito. Usiku ule nilijiona niko kwenye 24 kabisa! Kisha nikamkumbuka Adrian Cross. Karibu na mwisho anamkiri Chloe kwamba vifo vya mume na mtoto vilikuwa ajali ya kawaida tu. Alijua, akanyamaza, kwa sababu uchungu wa Chloe ulimfaa. Kwa hiyo hata anayevujisha siri anaweza kukutumia kama bosi alivyokutumia. Nilikaa na zile karatasi wiki tano, nikatafuta mtu wa pili wa kuzithibitisha. Nyingi zilikuwa za kweli. Kurasa mbili zilikuwa zimeongezwa kumkomoa mtu. Zile za kweli nikaziandika, zile mbili nikaziacha, na aliyenipa flashi mpaka leo hanisalimii. Sawa tu. Jina lake bado ninalo mimi peke yangu na halitatoka.

Nirudi kwa vijana wangu wa barazani. Sheria yetu ya sinema tangu enzi za kanda za video ni moja: steringi hafi, na steringi ndiye anayeokoa. Haya basi, tazameni sehemu ya mwisho, Julai 2014. Warusi wanamshikilia Chloe. Jack anajikabidhi kwao ili wamwachie. Helikopta inaondoka naye kuelekea Moscow, Chloe anabaki London, mzima, huru, na kila anachokijua bado kiko kichwani mwake. Ikiwa Jack mwenyewe aliona yule ndiye wa kubaki, nyie wa barazani mnanibishia nini?

Umeme ukikaa leo nakuja na diski. Msimu wa tano, tuanze na ile sehemu ya Edgar. Leteni leso.