Ujazi wa fedha katika nchi ndogo: mfano wa visiwa vya Lamu

Ujazi wa fedha ni jumla ya noti na sarafu zilizo mikononi mwa wananchi pamoja na amana zao benki. Jumla hiyo hulinganishwa na pato la taifa la mwaka. Nchi yenye pato la shilingi bilioni 100 na fedha za bilioni 40 ina uwiano wa asilimia 40. Uwiano mdogo aghalabu huashiria kwamba biashara nyingi hufanyika nje ya benki. Ukipanda ghafla ilhali uzalishaji haujaongezeka, bei hupanda au fedha za kigeni huadimika.

Kwa nchi ndogo, ambayo hununua ng'ambo karibu kila kitu, adha hiyo huja upesi. Shelisheli iliyaona hayo mwaka 2008. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imeshikilia thamani ya rupia, huku rupia zilizotafuta dola zikizidi dola zilizokuwapo. Nchi ikashindwa kulipa madeni ya nje, na Novemba mwaka huo rupia ikaachiwa thamani yake iamuliwe na soko. Komoro imefuata njia nyingine: faranga yake imefungwa kwa euro, kwa makubaliano na Ufaransa.

Lamu imepitia takriban mifumo yote. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1980 visarafu vya fedha vyenye majina ya watawala wa Kiislamu wa mahali hapo, vilivyofuliwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huo ulikuwa mji mdogo uliojitolea sarafu zake wenyewe, jambo ambalo mataifa kadhaa ya leo hayalifanyi.

Katika karne ya 19 hali ilikuwa tofauti. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ilipofuliwa miongo mingi baadaye, ilitoka Ulaya. Lamu haikuweza kuiongeza ila kwa kuuza pembe, ufuta au boriti.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 ikiwa na makao London, iliifanya hali hiyo kuwa kanuni: shilingi zilitolewa dhidi ya pauni zilizopokewa huko. Mauzo ya nje yakipungua, fedha nazo hupungua, hata kama mashamba yana rutuba. Mwaka 1955 tu ndipo Bodi iliporuhusiwa kutoa kiasi fulani bila pauni.

Tangu 1966 ujazi wa shilingi husimamiwa na Benki Kuu ya Kenya, ambayo huangalia uchumi wa nchi nzima, si wa kaunti moja. Kusi inapovuma, bahari huchafuka, wavuvi hawatoki na hoteli nyingi hufungwa. Fedha huondoka visiwani kununua unga na mafuta, na kinachorudi ni kidogo. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza 2007, imerahisisha kupokea fedha kutoka kwa jamaa walioko Mombasa, lakini haizalishi shilingi mpya: kila salio la simu lina amana yake benki.