Multimita si Testa

Katika vibanda vya mafundi wa Kadutu, mjini Bukavu, neno la Kifaransa «testeur» linabeba vyombo viwili. Kimoja ni bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini: ukigusa waya wenye umeme, kinawaka. Kingine ni kisanduku chenye kioo cha tarakimu, swichi ya kuzungusha na waya mbili za kupimia, mwekundu na mweusi. Dar es Salaam bisibisi ile huitwa testa, na wapo wanaokiita hata kisanduku hivyohivyo. Bisibisi hujibu swali moja, umeme upo au haupo. Kisanduku hueleza ni kiasi gani, na ndiyo maana kinastahili jina lake.

Jina hilo ni multimita. Wakongo waliosoma ufundi kwa Kifaransa wanalijua kama multimètre, kwa hiyo halitawashtua. Kiswahili nacho kimeshazoea voltimita na amita, na multimita inaingia katika safu hiyo bila kusukumwa. Wapo wanaopenda kipimaumeme, kwa mfano wa kipimajoto. Neno ni zuri masikioni, lakini mwenye nyumba akilisikia ataelewa mita ya SNEL, shirika la umeme la Kongo, iliyopo ukutani, inayohesabu umeme alioutumia. Istilahi inayomwelekeza mtu kwenye chombo kingine haitufai, hata kama imeundwa kwa mizizi ya Kibantu.

Sehemu ya «multi» nayo ina kazi. Chombo hiki hupima volteji kwa volti, mkondo kwa amperi, na ukinzani kwa omu. Mtu wa Bukavu anaweza kuyaona yote matatu katika mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Tofauti hiyo ya kimo inayoyasukuma maji ndiyo volteji; wingi wa maji yanayopita ndio mkondo; miamba na mabonde membamba yanayoyabana ndiyo ukinzani. Mteremko huohuo ndio unaoendesha mitambo ya Ruzizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Kabla ya miaka ya 1920 fundi alibeba chombo kwa kila kipimo. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoshwa na mzigo huo akabuni chombo kimoja kilichoingia sokoni mwaka 1923 kwa jina la AVO: amperi, volti, omu.

Sasa, chombo cha kupimia kikiharibika, nani atakipima? Hapa ndipo mafundi wengi hukwama, kwani redio mbovu hunyamaza, lakini multimita mbovu huendelea kutoa namba.

Anza na waya zake. Hukatika ndani karibu na plagi, pale zinapokunjwa kila siku, huku ganda la nje likiwa zima. Weka swichi kwenye omu 200, gusanisha ncha mbili, kisha zikunjekunje waya taratibu. Kioo kinapaswa kuonyesha chini ya omu moja na kutulia. Kikirukaruka, au kikibaki na tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, waya umekatika. Badilisha waya, usitupe chombo.

Kisha betri. Katika multimita nyingi za bei nafuu, betri ya volti 9 ikichoka, namba hupanda kuliko ukweli. Fundi wa sola anapima betri ya gari iliyopungua, anasoma volti 12.6, anamwambia mteja kwamba imejaa, na usiku taa zinazimika mapema. Betri ya gari haikuwa na kosa; iliyochoka ni ile ya multimita.

Volteji ikisomeka vizuri lakini mkondo ukabaki sifuri, shuku fyuzi ya ndani, fusible kwa lugha ya mafundi wetu. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye amperi na volti zilezile zilizoandikwa. Uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa taa si fyuzi. Nayakemea mazoea hayo kwa moyo wote, maana uzi huo hauna uhakika wa kukata umeme kwa usalama siku mtu atakapoacha waya mwekundu kwenye tundu la amperi 10 kisha akazitia ncha kwenye soketi ya volti 220. Multimita nyingi za bei ya chini hazina fyuzi kabisa kwenye tundu hilo, na nyingine zimeandikwa hivyo waziwazi usoni. Soma maandishi hayo kabla ya kulipa.

Tarakimu zikikatika vipande kwenye kioo, mara nyingi ni kamba laini ya mpira inayounganisha kioo na bodi. Kuisafisha na kuibana upya hutosha. Swichi inayosita husafishwa kwa spiriti. Lakini bodi iliyoungua kwa sababu mtu alipima umeme wa nyumba swichi ikiwa kwenye omu, au ganda lililopasuka, hayo hayatengenezwi kwa kuaminika. Chombo hicho kibadilishwe, na kipya kitafutwe chenye alama ya usalama ya CAT III kwa anayefanya kazi kwenye mbao za fyuzi za majumbani.

Hata kikiwa kipya, usikiamini kabla ya kukijaribu. Kabla ya kugusa waya unaodhani umezimwa, pima kwanza soketi unayojua ina umeme. Pima waya wako. Rudi upime soketi ileile tena. Ikiwa mara ya tatu kioo hakionyeshi kitu, huenda chombo kimekufa katikati ya kazi, au SNEL imekata umeme na waya wako utaamka umeme ukirudi. Kwa vyovyote, jibu la pili halifai kitu: usiuguse waya huo kwa mkono mtupu.