Kigari cha Kamera na Fundi wa Teruel

Watu walioingia ukumbini mjini Turin mwezi wa Aprili, 1914, kuitazama sinema ya Cabiria, waliona jambo ambalo macho yao hayakulizoea. Mahekalu yalionekana kusogea taratibu mbele yao, nguzo ya mbele ikiipita ya nyuma, hata ikadhihirika kuwa hayakuwa turubai lililopakwa rangi bali majengo yenye kina. Kumbe kilichosogea ni kamera, iliyopandishwa juu ya kigari cha magurudumu. Giovanni Pastrone, mwongozaji wa sinema hiyo, alikwisha kukiandikishia hati ya ubunifu mwaka 1912.

Vitabu humsifu Pastrone, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini miongoni mwa wapiga picha wake alikuwamo Mhispania mmoja, Segundo de Chomón, aliyezaliwa Teruel mwaka 1871 na kufariki Paris mwaka 1929, ambaye kwa maoni yangu wanahistoria wamemfanyia uchoyo. Kabla ya kwenda Turin alikuwa mtumishi wa kampuni ya Pathé huko Ufaransa, na katika Hôtel électrique ya mwaka 1908 alionyesha masanduku ya wageni yakijipeleka yenyewe, na brashi ikisugua viatu pasipo mkono wa mtu. Siri ilikuwa subira. Kamera ya siku zile kwa kawaida ilipiga picha nane kwa kila mzunguko wa mpini. Kwa kazi hii ilipigwa moja tu, brashi ikasogezwa kidogo, ikapigwa nyingine. Mwaka 1917 aliwapiganisha wanasesere kwa hila iyo hiyo katika La guerra e il sogno di Momi.

Mikono yake, basi, ilizijua kazi zote mbili: kuiendesha kamera, na kuvitia uhai vitu visivyo na roho. Kuziunganisha ndiko kugumu, na hapo ndipo mafundi wa nyumbani hukesha hata leo. Kigari cha kupigia picha waigizaji husukumwa tu. Cha wanasesere sharti kisimame kwa kila picha, kisha kisogee kadiri ya unywele. Dawa yake ni parafujo ndefu iliyolazwa baina ya reli mbili, na nati iliyokazwa chini ya ubao wa kamera. Ikiwa mzunguko mmoja husogeza ubao milimita 2, robo mzunguko huusogeza nusu milimita. Sekunde 5 za sinema, kwa picha 24 kila sekunde, hutaka picha 120: kigari kimesafiri sentimita 6, na jua limekuchwa. Tena hatua za mwanzo na za mwisho hupunguzwa, ama sivyo mwendo hushtuka. Nati ikilegea kwenye picha ya 90, hakuna kiraka. Mtu huanza upya.

Wala vyuma chakavu si aibu katika kazi hii. Huko Marekani, Ub Iwerks, aliyeachana na Walt Disney mwaka 1930, aliunda kwa vipande vya gari kuukuu la Chevrolet mtambo wa kupigia michoro iliyopangwa tabaka kwa tabaka, akautumia mwaka 1934. Mwaka 1937 kampuni ya Disney ilitoa The Old Mill kwa mtambo wake yenyewe, mkubwa na wa gharama, nao ndio uliopata jina. Mwaka 1940 Iwerks alirudi kuajiriwa huko.