Uhalisia wa mrengo wa kulia kuhusu uhalifu (Cabo Delgado)

Uhalisia wa mrengo wa kulia ni mkabala wa elimu ya jinai unaomwona mhalifu kuwa mtu aliyepima faida na hatari, kisha akachagua kosa. Kwa wafuasi wake umaskini si kisingizio: dawa ni adhabu isiyokwepeka, polisi wanaoonekana mtaani na mianya iliyozibwa. Fikra za namna hiyo zilitawala hatua za kwanza za serikali ya Msumbiji dhidi ya uasi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado.

Chimbuko

Mwasisi mashuhuri ni Mmarekani James Q. Wilson, mwandishi wa Thinking About Crime (1975). Mwaka 1982, pamoja na George Kelling, alidai kwamba dirisha lililovunjika lisipotengenezwa hualika uvunjaji zaidi. Mwaka 1985, akiwa na Richard Herrnstein, aliongeza maumbile na malezi. Uingereza, Ronald Clarke alisisitiza kuondoa fursa za kutenda kosa. Mfano unaotajwa mno ni New York ya Meya Rudolph Giuliani kuanzia 1994, ingawa uhalifu ulipungua pia katika miji isiyofuata sera zake.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado

Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita mashababi, ingawa si tawi la kundi la Al-Shabaab la Somalia. Serikali iliwaita wahalifu tu, na iliwashughulikia hivyo: misikiti ilifungwa, mamia wakakamatwa, na Oktoba 2018 washitakiwa 189 wakafikishwa mahakamani Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kupambana na ugaidi yenye adhabu kali.

Wilson mwenyewe alisisitiza kwamba uhakika wa kukamatwa hutisha kuliko ukubwa wa adhabu, na hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Katika vijiji vya Macomia na Palma askari walikuwa wachache, na mara nyingi walifika baada ya nyumba kuchomwa. Mvuvi wa Kimwani, kabila la pwani hiyo, aliweza kushikwa kwa kushukiwa tu, huku aliyechoma kijiji akitokomea msituni. Mwandishi wa habari Amade Abubacar alikamatwa Macomia Januari 2019 alipokuwa akizungumza na wakimbizi, akakaa rumande miezi kadhaa.

Uzibaji wa mianya ulionekana zaidi Afungi, wilayani Palma, kwenye mradi wa gesi unaoongozwa na kampuni ya TotalEnergies (wakati huo Total), palipojengwa uzio na kuwekwa ulinzi mkali. Safari za baharini na uvuvi vilibanwa, jambo lililowaumiza wanaoishi kwa mashua na samaki. Waasi waliuteka mji wa Mocímboa da Praia Agosti 2020, wakavamia Palma tarehe 24 Machi 2021. Mwezi uliofuata Total ikasimamisha mradi. Mji wa Mocímboa ulirejeshwa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda.

Uhalifu kuhama

Wakosoaji husema ukibana hapa, uhalifu huhamia kule. Mwaka 2018 Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania, Simon Sirro, alisema watuhumiwa waliokimbia operesheni ya polisi huko Kibiti, Tanzania, walikuwa wakivuka kwenda Msumbiji.

Ukosoaji

Watafiti wengi wa Msumbiji huanzia kwingine: vijana wasio na kazi, ardhi iliyochukuliwa Palma kwa ajili ya gesi, na wachimbaji wadogo wa rubi waliofukuzwa Namanhumbir, Montepuez, mapema 2017. Watetezi wa mkono mkali hujibu kwamba maskini walio wengi hawakushika panga. Jibu hilo lina uzito, ila halielezi kwa nini uasi ulizuka Mocímboa na si penginepo. Machi 2021 Amnesty International ilizituhumu pande zote kwa kuua raia, yakiwemo majeshi ya serikali.

Hali ya sasa

Mwaka 2020 serikali iliunda ADIN, wakala wa maendeleo ya kaskazini. Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichokuwa kikisaidia kupambana na waasi, kiliondoka mwaka 2024. Askari wa Rwanda walibaki.