Boda Boda za Busia na Malaba

Boda boda ni kazi ya uchukuzi iliyozaliwa katika miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miji ya Busia na Malaba, ambayo kwayo mtu mwenye baiskeli, na baadaye mwenye pikipiki, humpakia abiria au mzigo wake kwa nauli ya mapatano na kumfikisha pale ambapo gari halifiki, au hufika kwa taabu. Jina lenyewe ni mnadi wa waendeshaji wa mpakani, waliotwaa neno la Kiingereza la mpaka na kulitamka kwa ndimi zao walipowaita wasafiri. Likaenea hata Jinja, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja. Sifa ya kuianzisha kazi hii aghalabu hupewa miji mikubwa iliyoipokea, ilhali wanaoistahiki ni Wateso, Wasamia na majirani zao wa mpakani, ambao kwa akili yao wenyewe, pasipo serikali kuwahimiza wala tajiri kuwakopesha, waliona haja iliyokuwa mbele ya macho ya kila mtu wakaitafutia dawa.

Mpaka wenyewe ni mgeni katika nchi hii. Kabla ya mwaka 1902 himaya ya Uganda ilienea upande wa mashariki hata pande za Naivasha, na ni kwa amri ya Waingereza ya mwaka huo ndipo jimbo lake la mashariki lilipohamishiwa katika himaya jirani, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hivyo Wateso wa Amukura na Amagoro wakajikuta chini ya serikali moja, na ndugu zao wa Tororo chini ya nyingine, na Wasamia vivyo hivyo, pasipo mtu kuhama boma lake. Reli, ambayo ilikwisha kufika Kisumu mwaka 1901, ilipelekwa baadaye kwa njia ya Eldoret na Tororo hata ikaingia Kampala mwaka 1931, nayo huuvuka mpaka pale Malaba. Busia iko kusini, kwenye barabara itokayo Kisumu, na baina ya miji hiyo miwili msafiri hupita Alupe na soko la Adungosi, akiwa na Uganda upande wake wa kushoto muda wote endapo anaelekea kaskazini. Watu wa pande zote mbili hawakuacha kuoana, kuzikana wala kuuziana kwa sababu ya mstari uliochorwa na wengine, na safari zao hizo, za arusini, matangani na sokoni, ndizo zilizokuwa mtaji wa kwanza wa boda boda.

Sababu iliyoifanya baiskeli ishike kazi hii ilikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya mwendo. Gari halikuweza kuvuka ila kwa vibali, bima na hati za forodha ambazo gharama na usumbufu wake havikulingana na faida ya safari fupi, na kwa hiyo basi liliwashusha watu upande mmoja, wakalitafuta basi jingine ng'ambo ya pili. Na pale Busia, baina ya lango la nchi moja na lango la nchi nyingine, palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili, ambao mama mwenye mtoto mgongoni na furushi kichwani aliutembea kwa miguu katika jua au katika tope. Baiskeli haikudaiwa hati hizo. Kijana aliyekuwa nayo akaanza kuwapakia watu katika kipande hicho, mwenziwe akamwiga, na kutoka Busia desturi hiyo ikahamia Malaba kwa haraka.

Chombo kilikuwa baiskeli nzito nyeusi ya chuma, ya Raleigh kutoka Uingereza na baadaye ya India au China, na mafundi wa mpakani hawakuiacha jinsi ilivyotoka kiwandani. Keria ilitiwa nondo za kuipa nguvu. Juu yake ukafungwa mto wa sponji ulioshonewa kitambaa cha plastiki chenye rangi ya kupendeza. Kando ya gurudumu la nyuma vikachomelewa vikanyagio vya miguu ya abiria. Na wanawake, kwa ajili ya staha ya mavazi, walikaa upande, mkono mmoja ukishika chuma kilicho chini ya kiti cha mwendeshaji. Mlimani mwendeshaji hushuka akasukuma, na abiria muungwana hushuka naye.

Miaka ya 1970 iliitia kazi hii katika mtihani mkubwa. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971, akawafukuza Waasia mwaka 1972, na maduka ya Uganda yakakauka kiasi cha sabuni na chumvi kutafutwa Kenya kama dawa. Februari 1976 akatangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda. Na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoasisiwa mwaka 1967, ikavunjika. Wakati huohuo bei ya kahawa ilikuwa imepanda ulimwenguni kote, kwa kuwa baridi kali ya mwaka 1975 iliiunguza mibuni ya Brazil, na kahawa ya Uganda ikawa inavushwa usiku kwa magendo, mashuhuri kuliko kote pakiwa ni Chepkube katika nchi ya Bungoma, lakini kadhalika kwa njia za panya zote za mpaka huu, juu ya vichwa vya watu, migongo ya punda na keria za baiskeli. Wapo wanaowalaumu waendeshaji wa siku hizo kwa kuisaidia biashara ya haramu. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba lawama hiyo ni ya haki, madhali dola lililoshindwa kumpatia raia wake chumvi ya mboga halikuwa na uso wa kumwuliza ameipata wapi.

Pikipiki ilichelewa kufika mpakani, ingawa kwingineko ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha watu wa kawaida, hata kwa michezo. Huko Uingereza, mwaka 1968, ligi ya mbio za pikipiki katika viwanja vya mviringo iliongezewa daraja la pili ili kuwalea vijana waliokuwa hawajapata nafasi katika daraja la kwanza.  Mashine zao zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 500, gia moja tu na breki hata moja hazina, wapandaji wanne wakizunguka uwanja mara nne huku gurudumu la nyuma likiserereka kwa makusudi katika kila kona. Miaka hiyohiyo kijana wa Busia naye alikuwa akishindana na wenziwe kila basi liliposimama, kwa nguvu za mapaja yake mwenyewe. Pikipiki alizokuja kuzipata mwanawe na mjukuu wake zilikuwa kinyume kabisa cha zile za viwanjani: ndogo, za ujazo wa 100 hadi 150, zenye kunywa mafuta kidogo, na thamani yake ikiwa katika kubeba kuliko katika kukimbia.

Huko Kampala pikipiki zilishika kazi ya abiria katika miaka ya 1990. Upande wa Kenya mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zilizo chini ya ujazo wa 250, na katika muda wa miaka michache Boxer za Bajaj na TVS, zote za India, zikajaa katika kila njia panda. Ni vigumu kutaja hatua nyingine ya serikali iliyoyabadili maisha ya vijijini kwa upesi namna hiyo.

Katika soko kama Adungosi mtu huweza kuuona utaratibu wa kazi hii kwa ukaribu. Steji huwa chini ya mti au kibanda cha mabati, pikipiki zikipangwa kwa zamu, na yupo mwenyekiti anayejulikana, na daftari la michango ambayo kwayo hulipiwa matibabu ya mwenzao aliyeanguka au sanda ya aliyefiwa. Asubuhi mwendeshaji hufungua plagi akaifuta, akaibana cheni iliyolegea, kisha akaitikisa tangi kusikia mafuta yaliyobaki. Kiti kimeongezwa urefu, nyuma pana keria ya chuma, na vipande vya tyubu kuukuu vyaning'inia tayari kwa kufungia mzigo: gunia la mihogo mikavu, kuku waliofungwa miguu, dagaa watokao ziwani, mbao, godoro, na mara nyingine jeneza. Usiku huitwa kumpeleka mzazi hospitali ya Alupe, na safari hiyo wengi wao huifanya kwanza, nauli ikazungumzwa baadaye. Aliyekodishwa pikipiki hudaiwa hesabu na mwenye chombo kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na aliyeinunua kwa mkopo hali yake si nyepesi zaidi.

Hatari zake hazifichiki. Mvunjiko wa mguu na jeraha la kichwa ndiyo maradhi ya kazi hii, na yamewaondoa duniani au katika kazi vijana wengi ambao hawakupata kufundishwa kuendesha ila na rafiki, jioni moja, katika uwanja wa shule. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 iliunda mamlaka ya usalama barabarani, na kanuni za mwaka 2015 zikamtaka mwendeshaji awe na leseni na bima, avae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, asimpakie zaidi ya abiria mmoja. Kanuni hizo ni njema. Upungufu umekuwa katika kuzitimiza, kwa kuwa polisi wameonekana barabarani zaidi kuliko walimu, na msako wa nchi nzima wa Machi 2022 uliwakamata wengi pasipo kumfundisha hata mmoja.

Mpaka nao umebadilika. Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa upya ulianza Januari 2005, soko la pamoja likafuata Julai 2010, na tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua pale Busia kituo cha pamoja, ambacho ndani yake msafiri hukamilisha shughuli za nchi zote mbili chini ya paa moja. Malaba ina kituo cha namna hiyo pia, ingawa foleni za malori hazijaisha huko. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakingoja vipimo vya korona, zilirefuka maili nyingi, na pikipiki zikawa ndizo zinazowapelekea chakula na maji.

Wapo waliopunguziwa riziki na mabadiliko hayo. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu pale Busia walivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono, wakisukumwa na vijana waliowaajiri, na maofisa wa forodha, kwa huruma au kwa desturi, wakiwaachia pasipo kuwatoza ushuru wa mzigo mdogo. Wakajenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo, wakaunda na chama chao. Ushuru baina ya nchi hizi ulipopunguzwa, mfanyabiashara hakuwa tena na sababu ya kuwapa mzigo wake, na faida yao ikashuka pamoja na ushuru huo.