Ulimi Uliosomwa Vibaya: Mbwa, Kiangazi na Hofu ya Kichaa

Binadamu akizidiwa na joto hutokwa na jasho mwili mzima. Mbwa hana nafuu hiyo. Tezi za jasho zinazoweza kumpoza ziko kwenye nyayo, na msaada wake ni mdogo. Joto la mwili wake hutoka zaidi kupitia kinywa. Hufungua mdomo, hutoa ulimi na kuhema upesi upesi, na unyevu wa ulimi na wa njia ya hewa unapokauka huondoka na joto. Mwili wake kwa kawaida huwa na nyuzijoto 38 hadi 39 hivi. Ukipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Mbwa aliyefikia hapo hutokwa na mate mazito, huyumba kama mlevi, haitiki akiitwa, kisha huanguka na kutupatupa miguu. Asiyejua, akimwona mbwa wa namna hiyo barabarani saa nane mchana, atapiga kelele kwamba ana kichaa. Huko Ulaya, na baadaye Marekani, kelele hiyo ilipigwa kwa karibu miaka 2,000, na hoja yangu ni kwamba ndiyo iliyochelewesha desturi ya kumlinda mbwa na jua. Kila kiangazi watu walijilinda na mbwa. Kwamba mbwa naye alihitaji kulindwa na kiangazi halikuwa jambo la kufikiriwa, maana mateso yake yalikwisha kupewa jina la ugonjwa mwingine.

Kosa hilo lilianzia angani. Sirius, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, hupotea kila mwaka katika mwanga wa jua kwa siku zipatazo 70, kisha hurejea upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Misri ya kale iliipokea kwa furaha, kwa kuwa kurudi kwake kulitangaza mafuriko ya Nile. Wagiriki, ambao kwao ilichomoza wakati wa joto kali, waliihesabu kuwa mbwa wa mwindaji Orion na kuihusisha na homa. Warumi wakaiita Canicula, mbwa mdogo, na majira yake yakawa siku za mbwa. Katika mji wa Kigiriki wa Argos kulikuwa na sikukuu ambayo mbwa waliokutwa njiani waliuawa. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba kichaa cha mbwa ni hatari zaidi nyota hiyo inapowaka, akashauri mbwa wachanganyiwe kinyesi cha kuku katika chakula kwa siku 30. Alieleza pia desturi ya kukata kitu kama mnyoo chini ya ulimi wa mbwa mdogo ili asipate kichaa. Kitu hicho kipo kweli, ila si mnyoo: ni sehemu ya kawaida ya ulimi. Yaani kinga dhidi ya ugonjwa wa kiangazi ilikuwa kutia kisu katika kiungo kile kile ambacho mbwa hukitegemea kiangazini.

Miji mikubwa ya zama zilizofuata iliirithi hofu hii na kuipa nguvu ya dola. Mwaka 1760 wakuu wa jiji la London waliamuru mbwa waliokutwa mitaani wauawe. New York ya karne ya 19 iliwinda mbwa kila majira ya joto, na mwaka 1877, Julai 5, mbwa zaidi ya 700 walitiwa ndani ya kizimba cha chuma na kuzamishwa katika East River kwa siku moja. Penye huruma kidogo, mbwa aliruhusiwa kuishi kwa sharti la kufungwa mdomo. Sharti hilo lilionekana jepesi, lakini kwa mbwa lilikuwa zito: kifunga mdomo cha ngozi kinachobana taya humzuia kuhema, na mbwa asiyeweza kuhema mwezi wa Julai ni sawa na chungu kilichofunikwa juu ya moto. Akipandwa na joto, akaanza kuyumba na kudondokwa na mate, mtazamaji alipata uthibitisho wa kile alichokiogopa. Dawa ilizaa dalili, na dalili ikahalalisha dawa.

Huenda mtu akasema kwamba waliotenda haya hawakuwa na elimu, na kwamba ni dhuluma kuwapima wa jana kwa kipimo cha leo. Hoja hiyo inawafaa watu wa Argos. Haiwafai watu wa karne ya 19, ambao ushahidi ulikuwa mezani mwao. Mwaka 1804 Mjerumani Georg Gottfried Zinke alionyesha kwa majaribio kwamba kichaa hupita kwa mate ya mnyama mgonjwa. Naye William Youatt, daktari wa mifugo wa Uingereza, katika kitabu chake kuhusu mbwa cha mwaka 1845, alisimulia jaribio la kikatili lililofanyika katika chuo cha tiba ya wanyama cha Alfort, karibu na Paris. Mbwa watatu walifungwa minyororo kwenye jua kali la kiangazi. Wa kwanza alipewa nyama ya chumvi, wa pili maji peke yake, wa tatu hakupewa kitu. Wote walikufa, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili ya kichaa. Jaribio lilikusudiwa kujibu kama jua na kiu huleta kichaa, na likajibu kwamba havileti. Lakini lilikuwa na jibu la pili ambalo hakuna aliyeliuliza: mbwa watatu kati ya watatu walikufa juani. Wataalamu walilinukuu kwa ajili ya jibu la kwanza, na la pili likapita kama maelezo ya kando. Kasoro, basi, haikuwa ukosefu wa elimu. Swali lenyewe lilikuwa moja tu, nalo lilihusu usalama wa binadamu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara humuua, na hadi Julai 6, 1885, siku Louis Pasteur alipomdunga chanjo mtoto Joseph Meister, hapakuwa na kinga ya kuaminika kwa aliyeumwa. Tena kifunga mdomo kilichangia ushindi: kuanzia 1897 Uingereza ilitilia mkazo ufungaji midomo na kudhibiti mbwa walioingizwa kutoka nje, na kufikia 1902 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa huko. Nakubali yote hayo, na nadhani ndiyo yanayoikamilisha hoja yangu. Kilichofaulu kati ya 1897 na 1902 kilikuwa kukata njia ya maambukizi bila kujali majira. Msako wa kiangazi ulikuwa umejaribiwa tangu zama za kale bila kuumaliza ugonjwa. Ulichofanya ni kuwaacha mbwa wagonjwa wa Januari wapite, na kuwaua mbwa wazima waliohema Julai.

Kuna pia anayesema kwamba joto humfanya mbwa awe mkali. Utafiti uliochapishwa 2023 kuhusu miji minane ya Marekani ulikuta kweli kwamba visa vya watu kuumwa na mbwa huongezeka kidogo siku za joto na jua kali. Hata hivyo, siku hizo watu na mbwa huwa nje kwa wingi na hukutana zaidi, na kiumbe anayeteseka huwa mwepesi kuudhika. Tukikubali kwamba joto humwudhi mbwa, basi tumepata sababu nyingine ya kumpeleka kivulini.

Na usomaji sahihi wa ulimi ulikuwepo kitambo, tena mahali wasomaji wengi wa Kiswahili wanapajua. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, msafiri aliyetoka kunywa kisimani anamkuta mbwa anahema, analamba udongo mbichi kwa kiu. Anajiambia kwamba mnyama huyu amefikwa na yale yaliyomfika yeye, anateremka tena, anajaza kiatu chake maji, anakibana kwa meno na kupanda nacho, na kwa tendo hilo anasamehewa dhambi. Hakuna nyota wala kichaa katika kisa hicho. Kuna mtu aliyeona ulimi nje akaelewa kiu, kwa sababu alijipima yeye kwanza. London ilichelewa kufika hapo: chama cha kujenga mabomba ya maji ya kunywa mitaani kilianzishwa 1859, mengi yakawekewa vibeseni vya mbwa chini, na mwaka 1867 chama kikaongeza birika za ng'ombe katika jina lake. Chombo kile cha chini, kimo cha pua ya mbwa, ndicho dalili kwamba swali la pili lilikuwa limeanza kuulizwa.

Leo hatari imebadilika sura. Uchunguzi wa kumbukumbu za zahanati za wanyama za Uingereza, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya visa vya mbwa kuugua kwa joto vilitokana na mazoezi: matembezi na mbio zisizoangalia saa. Gari lililofungwa, ambalo kwa nyuzijoto 24 nje laweza kufika 34 ndani kwa dakika 10, lilichangia sehemu ndogo, ingawa ndilo linalotajwa zaidi. Katika mwambao wetu wakati wa kaskazi, unyevu wa hewa huufanya ulimi ukauke polepole, kwa hiyo mbwa wa Mombasa au Dar es Salaam huhitaji kivuli, maji na matembezi ya alfajiri zaidi kuliko kipimajoto kinavyoonyesha.

Lakini Afrika Mashariki bado ina kichaa cha mbwa, na hapo historia hii inatuhusu moja kwa moja. Mbwa wa mtaani usiyemjua, anayeyumba na kudondokwa na mate, hafai kuguswa. Aliyeumwa naye aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali mara moja. Kinachovunja mnyororo ni chanjo, kama kampeni za vijiji vinavyozunguka Serengeti zilivyoonyesha, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mwenye mbwa aliyechanjwa hana sababu ya kutaka rungu anapomwona anahema na kuyumba baada ya kukimbia juani. Anaweza kumkaribia, kummwagia maji papo hapo, kumpepea, kisha kumpeleka kwa daktari. Watu wa Argos na New York hawakuwa na chanjo ya kuwapa uhakika huo. Sisi tunayo, na mbwa wetu ndiye atakayefaidi maji.